Aya ya tatu naipinga: bunduki hiyo itakuwa ya nani?

Najua nimekuwa kimya wiki mbili, test zimepangwa kama vile walimu wetu wana ugomvi na usingizi wetu. Leo nilitakiwa niwe namalizia maandalio ya masomo maana mazoezi ya kufundisha yanakaribia, lakini nina jambo limenikaa kooni, ngoja nilitoe kwanza.

Mnaotoka kwetu mnajua kinachoendelea kwenye grupu. Kwa wasiojua ni hivi: umoja wetu wa wanafunzi wa Simiyu hapa chuo unaandika barua kwa wabunge wetu kuhusu tembo, simba na fisi wanaoingia vijijini. Jumamosi tunaipigia kura. Aya ya kwanza inasema mashamba yanaliwa. Aya ya pili inasema watu wanaumia na wengine wanakufa. Hapo mimi naunga mkono kwa mikono miwili. Aya ya tatu ndiyo inasema serikali iruhusu na iwezeshe KILA KITONGOJI kuwa na bunduki yake ya kujilinda. Juzi usiku watu wakaanza kubishana iwe bunduki gani. Ujumbe zaidi ya mia mbili! Mmoja anataka SMG, mwingine shotigani, mwingine anasema gobore linatosha maana hata mafundi wa mtaani wanalitengeneza. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama tunaihitaji.

Kabla hamjaniambia "wewe unakaa hosteli, tembo unamjua kwenye noti", nyumbani kwetu ni Dutwa, njia ya kwenda Lamadi. Hatujapakana na hifadhi kama ndugu zetu wa Meatu, Itilima na kule Busega karibu na Kijereshi, lakini fisi tunamjua kwa sauti, na ndugu wa kulala shambani wakilinda mahindi ninao. Siongei kutoka hewani.

Tuanze na bunduki zenyewe maana ndiko wakaka wameng'ang'ania.

SMG. Huyu aliyeipendekeza anacheza sana gemu za kwenye simu, tunamjua. Kaka, hiyo ni silaha ya kivita, raia hapewi, mjadala umeishia hapo. Lakini hata tukiweka sheria pembeni, risasi yake ina gramu 8 hivi na ilibuniwa kwa ajili ya mwili wa binadamu. Wazungu wanaokuja kuwinda kitalii kwenye vitalu vya Maswa hawaruhusiwi kumpiga tembo, mbogo au simba kwa bunduki iliyo chini ya 375, ambayo risasi yake ya kawaida inafika gramu 19. Na pembeni ya mgeni anasimama mwindaji bingwa kabeba 458 au kubwa zaidi, risasi ya gramu 32 hivi, kwa ajili ya mgeni akikosea. Hao wamekuja mchana, mbele yao kuna mfuata nyayo, nyuma kuna gari, na mnyama hana habari kama wapo. Na bado wanakosea! Mtasema mbona majangili wanaangusha tembo kwa SMG. Ndiyo, wanamimina risasi kwa mnyama aliyekuwa anakula majani yake, halafu wanamfuata nyuma hata akifa kesho yake. Jangili hana mtoto wa kumwokoa katikati ya hiyo safari.

Shotigani ni bunduki ya maana kwa kanga na kwale. Kwa fisi aliye karibu, sawa, naweza kukubali. Kwa tembo, zile chembe zake ni kumtukana tu, na tembo akitukanwa anajibu.

Gobore sasa. Gobore linajazwa baruti kwa mdomoni, linashindiliwa, linawekwa gololi au kipande cha chuma, linashindiliwa tena. Ukipiga umepiga, kama halijakulipukia mwenyewe usoni. Risasi ya pili inahitaji dakika nzima kwa mtu aliyetulia, achilia mbali mtu anayetetemeka gizani.

Mimi somo langu ni hisabati, naomba mnivumilie kidogo. Tembo akikasirika anakimbia mpaka kilomita 40 kwa saa, hiyo ni kama mita 11 kwa sekunde. Akiwa mita 50 kutoka ulipo, una sekunde nne na nusu. Simba anazidi hapo, anapochomoka anaweza kupita kilomita 50 kwa saa kirahisi, kwa hiyo akiwa mita 30 una sekunde mbili. Ndani ya hizo sekunde mbili uamke, utafute bunduki, uiondoe kwenye kifungio, uone, ulenge, upige, na upige PALE PALE panapomwangusha. Kiasi kidogo pembeni umemjeruhi tu. Na mbogo au simba aliyejeruhiwa, waulize wazee, ndiye anayeua watu watatu siku inayofuata, akiwemo mama aliyekuwa anaokota kuni na hakuwa na habari ya bunduki yoyote.

Mnapenda hadithi za Tsavo? Mwaka 1898 simba wawili walisumbua wajenzi wa reli ya Uganda kuanzia Machi mpaka Desemba. Miezi tisa! Mhandisi John Patterson alikuwa na bunduki za wakati huo, na alishawahi kuwinda chui wakubwa wenye milia kule India. Kuna siku aliazima bunduki nzito zaidi kwa mwenzake, simba akamjia karibu, akafyatua, ikagoma. Kisa kikubwa kuliko hicho: alijenga mtego wa chumba chenye vyuma katikati, upande mmoja akaweka askari wenye bunduki kama chambo. Simba akaingia kweli, mlango ukafunga. Yuko hapo, hatua chache, nyuma ya nondo, hana pa kwenda. Askari wakapigwa na bumbuwazi, walipoanza kupiga wakapiga ovyo kila upande, risasi zaidi ya ishirini, simba hakufa. Risasi mojawapo ikakata nondo, akatoka zake akaondoka. Hao walikuwa askari, wamefundishwa. Sasa mpeni bunduki balozi wetu wa nyumba kumi.

Lakini hesabu zote hizo ni ndogo kuliko swali langu kuu, ambalo nililiuliza kwenye grupu likapitwa kama halipo. Bunduki ya kitongoji itakuwa ya NANI?

Leseni ya silaha haiandikwi jina la kitongoji kizima. Inakaa kwa mtu, na mtu huyo kwetu atakuwa mwanaume, mzee wa makamo, mwenye ng'ombe. Siku ya mnada atakuwa mnadani. Siku ya msiba atakuwa msibani. Jioni atakuwa kwenye pombe, na bunduki ama iko naye kwenye pombe (Mungu atunusuru) ama imefungiwa nyumbani. Sasa niambieni nani anakutana na mnyama. Ni mtoto wa darasa la tatu anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwa sababu shule iko mbali. Ni dada yangu anayechota maji magharibi kwa sababu mchana foleni ilikuwa ndefu. Ni bibi aliyetoka nje usiku kwenda chooni. Hakuna hata mmoja wa hao atakayekuwa amebeba hiyo 375 yenu. Kwenye ujumbe wote ule wa juzi sikuona neno "kisima" hata mara moja.

Na si maneno yangu peke yangu. Watafiti wa simba, Craig Packer na wenzake akiwemo Mtanzania Dennis Ikanda, walikusanya matukio ya nchi nzima, wakachapisha mwaka 2005: tangu 1990 simba waliua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wengine zaidi ya 300, wengi wao kusini, Lindi na Rufiji. Watu hao walikamatwa wakifanya nini? Wengi wamelala kwenye madungu ya shambani wakifukuza nguruwe pori wakati wa mavuno, wengine wanatembea usiku, wengine wametoka kujisaidia. Baadaye, mwaka 2011, wakaonyesha kuwa mashambulizi yanaongezeka zile siku zinazofuata mwezi mpevu, kwenye masaa ya mwanzo ya usiku mwezi ukiwa bado haujachomoza. Hii ni taarifa unayoweza kumpa mtoto wa shule ya msingi akaitumia leo, bure. Choo karibu na mlango wa nyumba kinaokoa watu kuliko hizo bunduki zenu, lakini choo hakina sifa ya kupigia picha.

Halafu kuna historia yetu wenyewe, ambayo nashangaa watoto wa Kisukuma tunaisahau. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bunduki zilizagaa. Zilifanya nini Usukumani na Unyamwezini? Ziliongeza wizi wa ng'ombe na ujambazi mpaka watu wakachoka. Na waliokomesha walikuwa Sungusungu, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa upinde, mishale, filimbi na mwano. Mwano ukipigwa hapa unapokelewa pale, unafika kijiji cha tatu mwizi hajavuka mto. Najua Sungusungu nao wana madoa yao, wapo watu walioumizwa bila haki, hilo tuliandikie siku nyingine. Ninachosema ni kwamba bunduki ilishawahi kuingia kwenye vijiji vyetu na haikukaa inasubiri tembo. Ugomvi wa mpaka wa shamba upo. Ugomvi wa mirathi upo. Vikongwe wetu wenye macho mekundu wanajua zaidi ya hapo. Na fisi mwenyewe kwetu si fisi tu. Mwanzoni mwa 2025 Simiyu ilivuma kwa habari za fisi wanaoshambulia watoto, na kabla maofisa wa wanyamapori hawajamaliza kazi yao, mitaani watu walishaanza kutajana nani ni mwenye fisi. Ongezeni bunduki kwenye mazungumzo ya namna hiyo muone.

Kuna hili la Operesheni Tokomeza pia. Oktoba 2013 vyombo vya dola viliingia vijijini kusaka majangili na silaha. Watu walipigwa, wengine wakafa, mifugo ikateketea, mpaka operesheni ikasitishwa na Desemba mawaziri wanne wakaondoka. Nia yenyewe ilikuwa na msingi, maana tembo wa nchi hii walitoka 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 mwaka 2014. Huku kwetu pori la Maswa, Januari 2016, majangili walimpiga risasi rubani Mwingereza Roger Gower akiwa ANGANI ndani ya helikopta, akafa. Sasa wewe mwana kijiji unayepakana na pori hilo hilo, una bunduki ndani, usiku umesikika mlio, asubuhi tembo kaonekana kafa. Kazi ya kueleza kwamba ulikuwa unalinda mtama itakuwa yako, na nakutakia kila la heri.

Haya. Sasa niwape haki yao wenzangu, maana wana hoja moja nzito na sitaki kuikimbia. Wanasema: unapiga simu askari wa wanyamapori saa mbili usiku, wanakuja kesho, au wanajibu gari halina mafuta. Shamba limeshaisha. Halafu unajaza fomu, unasubiri kifuta jasho ambacho kwa kanuni za 2011 kilikuwa kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kutegemea umbali wa shamba na hifadhi, na mtu akiuawa familia inapewa kifuta machozi cha shilingi milioni 1. Ekari ya mahindi kwa 25,000! Mimi hilo linaniuma kama linavyowauma. Viwango kupandishwa baadaye hakurudishi usiku ule.

Lakini angalieni hiyo hoja inadai nini hasa. Inasema bunduki sahihi ipo, 458 ya serikali, mikononi mwa mtu aliyefundishwa, na iko MBALI. Dawa yake ni kuisogeza. Kituo cha askari kiwe karibu na vijiji vinavyoliwa kila msimu, wakae hapo hasa miezi ya mavuno, wawe na pikipiki na mafuta. Askari wa wanyamapori wa vijiji, vijana wetu wenyewe, wafundishwe na walipwe, siyo kupewa kofia na fulana. Kwa nini barua yetu inaisamehe serikali hilo deni? Aya ya tatu, mkiisoma taratibu, inamwambia mwenye wajibu: pumzika baba, tutajilinda wenyewe, tupe kibali tu.

Wakati tunadai hilo, kuna vitu vinavyofanya kazi na bei yake haifiki hata mguu wa bunduki. Tembo hapendi pilipili. Kamba na vitambaa vilivyochovywa kwenye oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya kusaga, zungusha shambani, anageuka. Ina usumbufu: mvua ikinyesha unapaka upya, na akishazoea anajaribu, kwa hiyo haiwezi kusimama peke yake. Wenzetu wa Honeyguide huko kaskazini wanafundisha vijiji kufuata hatua: kwanza tochi kali ya machoni, akigoma honi, akigoma bomu la pilipili, na mwisho fataki za angani. Hilo bomu, msicheke, ni kondomu iliyojazwa unga wa pilipili na udongo pamoja na baruti ya kitoto, ikilipuka vumbi linamfuata puani. Ndiyo, kondomu. Zile zile zinazogawiwa bure hapa chuo na watu wanazifanya maputo siku ya mahafali.

Nyuki pia. Lucy King alijaribu Kenya kuning'iniza mizinga kuzunguka mashamba, ikiunganishwa kwa waya ili tembo akigusa mmoja yote itikisike. Katika majaribio aliyochapisha mwaka 2011, miaka miwili, tembo alivunja uzio wa mizinga mara moja tu, wengine waligeuka au wakatafuta penye uzio wa miiba. Kwetu hapo kuna kikwazo ambacho lazima kisemwe: sisi ni watu wa pamba, na dawa tunazopulizia pamba zinaua nyuki. Kwa hiyo mizinga ikae upande wa mahindi na mtama, na ratiba ya kupulizia ijulikane. Ni kazi, lakini asali inauzwa. Bunduki haizai kitu.

Kwa fisi, uzio wa minyaa alioupanda babu, uliokomaa na kuzibwa mianya kwa miiba, bado haujapata mpinzani. Wengi tumeung'oa tukaweka waya mbili ili nyumba ipendeze. Na wale wanaoniambia "pori ni pori, lazima uwe na silaha", waende Eyasi wawaone Wahadzabe. Wanalala porini maisha yao yote kwa upinde, mshale wa sumu na moto unaowaka usiku kucha. Isitoshe nyoka, ambaye Shirika la Afya Duniani linakadiria anaua watu kati ya 81,000 na 138,000 kwa mwaka duniani, utampiga na 375? Huyo anahitaji viatu, tochi na zahanati yenye dawa. Hilo nalo halimo kwenye barua.

Basi, Jumamosi nitasimama nipinge aya ya tatu, na sitasimama mikono mitupu. Aya mbadala nimeshaiandika, hii hapa:

"Tunaomba kituo cha askari wa wanyamapori chenye usafiri na mafuta katika kila kata inayopakana na hifadhi, na namba moja ya simu inayopokelewa usiku, askari wa vijiji wafundishwe na walipwe, kila kitongoji kipewe tochi kali, honi na mafunzo ya uzio wa pilipili na mizinga, na shule, visima na vyoo vijengwe kwa kuzingatia njia wanazopita wanyama."

Anayetaka kuongeza au kupunguza aniambie kabla ya Ijumaa jioni ili niichape upya. Wa SMG naye akaribie, tutamsikiliza dakika tano kama wengine. Kikao saa kumi, pale pale chini ya mwembe nyuma ya kantini, na safari hii saa kumi iwe saa kumi kweli jamani, mimi nina maandalio manne hayajaguswa.